Safu ya Umri Niliyoifunga

Kwako Khainza, uliyekuwa mchumba wangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda barua inayouliza kwanza hali ya wazee, ya mbuzi na ya mvua ndipo ifike kwenye neno. "Sema neno lako," ulikuwa ukiniambia, "hali tutaulizana tukionana." Imepita miaka saba hatujaonana, na neno langu bado liko kooni.

Nimerudi Jinja. Nimepanga chumba Nalufenya, si kile ulichokijua, kingine, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kazi yangu siku hizi ni tarehe. Kila ofisi yenye kompyuta inauogopa mwaka elfu mbili, kwamba mashine zikiona sufuri mbili zitadhani dunia imerudi nyuma miaka mia. Basi wananiita. Nafungua majedwali yao, natafuta kila mahali mwaka ulipoandikwa kwa tarakimu mbili, kisha natafuta kila kitu kinachohesabiwa kutokana na mwaka huo: umri wa mfanyakazi, miaka ya utumishi, siku ambayo dawa itaharibika. Wiki iliyopita, katika ofisi moja, niliisogeza mbele saa ya mashine kwa majaribio, na mlinzi wa lango, mzee wa miaka hamsini na mbili, akatokea kwenye orodha ana umri wa hasi arobaini na saba. Makarani walicheka mpaka machozi. Wakamwita mlinzi aje ajione kabla hajazaliwa. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mara ya mwisho nilipoona umri wa uongo kwenye karatasi, hapakuwa na mtu wa kucheka.

Unaikumbuka siku tulipoileta kompyuta Mbale? Ilisafiri kutoka Jinja nyuma ya pikapu, imefungwa blanketi mbili, nami nimeikumbatia njia nzima kama mgonjwa. Mradi wetu ulikuwa wa chanjo za watoto, ofisi kuu Jinja, tawi Mbale, na kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimesomea mashine hizi, kila mtu aliniita fundi. Wewe ulikuwa karani wa kumbukumbu wa tawi. Ulikuwa na masanduku sita ya kadi, kila mtoto na kadi yake, na ulizijua kadi hizo kama mtu anavyowajua majirani zake. Ulinitazama nikihangaika na nyaya, ukaliangalia shati langu la kaki, ukasema, "Karibu, afande."

Nilikujibu kwa Kiswahili changu cha sokoni. "Mashine hii nataka kubadirisha kazi yote hapa."

"Kubadilisha," ukanirekebisha. "Na kazi yote, ipi? Mtoto nani atamshika mkono akidungwa? Mashine?"

Mimi Msoga wa Buwenge, wewe Mgisu uliyezaliwa kwenye kambi ya magereza. Baba yako alikuwa askari jela, na kambini pale Mteso, Mwacholi, Mgisu na Mnubi walikuwa na lugha moja tu ya kugombania bomba la maji. Hicho ndicho Kiswahili ulichonifundisha, sentensi kwa sentensi, juu ya meza ile ya mbao iliyokuwa ikicheza mguu mmoja. Nami nilikufundisha majedwali. Sijui ni nani kati yetu alikuwa mwalimu bora, lakini najua ni nani alikuwa mwanafunzi bora.

Nilikuonyesha kwamba tuna majedwali mawili. La kwanza la watoto: namba, jina, jina la mama, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. La pili la chanjo: kila mara mtoto anapodungwa, mstari mmoja. Yanaunganishwa na namba ya mtoto, ili jina lisiandikwe mara kumi. Ulielewa kabla sijamaliza. Uliinuka, ukaleta kadi ya mtoto mmoja aliyehama kutoka mtaa wa Nkoma kwenda kijijini, ukasema, "Kwa hiyo huyu akihama, nabadilisha mahali pamoja tu." Ndiyo, nikasema. Nilifurahi sana siku ile. Nilidhani ninafurahi kwa sababu ya jedwali.

Kisha ukaweka kidole kwenye kioo, kwenye safu ya mwisho ya jedwali la watoto, ile niliyoiita umri kwa miezi.

"Na hii? Tarehe ya kuzaliwa si tunayo?"

"Hiyo huiandiki wewe," nikajibu kwa fahari. "Ukiingiza tarehe ya kuzaliwa, mashine inahesabu, umri unajiandika wenyewe."

"Unajiandika leo. Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao nakuja, natoa amri, zote zinahesabiwa upya."

Ulisugua ukucha wa kidole gumba. Ndiyo ilikuwa tabia yako ukiwaza. "Kwa nini ukae mahali?" ukauliza. "Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki, hiyo ikae. Umri unabadilika kila siku. Si tuuhesabu pale pale tunapoutaka? Nikifungua orodha leo, nipate wa leo. Nikifungua kesho, nipate wa kesho."

Khainza, nimesoma vitabu vya kazi hii, nimekaa kwenye kozi, nimesikiliza wataalamu, na hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo vizuri zaidi yako. Nilikujibu kwamba mashine ni dhaifu. Nikakuonyesha: nikaiambia ihesabu umri wa kila mtoto na kunitolea waliofikisha miezi tisa, wale wa chanjo ya surua. Ilisaga na kusaga. Ulichemsha chai, tukanywa, ukaosha vikombe, ndipo orodha ikatoka. Kisha nikaiambia itoe orodha hiyo hiyo kutoka kwenye safu iliyohifadhiwa. Ikatoka kabla hujakaa.

"Haya," ukasema. "Wewe ndiye fundi."

Uzito wa mashine ulikuwa kweli, lakini nusu tu ya kweli. Nusu nyingine sikukuambia wakati ule, na leo nakuambia. Niliiweka safu ile na kuifunga, mtu asiweze kuigusa ila kwa neno la siri ninalolijua mimi peke yangu, kwa sababu ilinipa safari ya Mbale kila mwezi. Hakuna mkuu ambaye angeniuliza kwa nini naenda. Naenda kusasisha umri wa watoto. Amri yenyewe ilikuwa mstari mmoja, ungeweza kuitoa wewe huku unakula karanga. Nilitaka kuwa mtu anayengojewa.

Na nilingojewa. Hilo silijutii, hata leo. Nakumbuka Nkoma, nyumba ya dada yako Kakai na mume wake mwalimu, ambako ulikuwa unakaa. Kakai alikuwa na mimba, anapika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga huku akilalamika kwamba harufu inamchefua, kisha anakula kuliko sisi. Mwanamke yule aliniamini tangu siku ya kwanza, akaniita shemeji kabla sijatoa hata barua ya kujitambulisha. Nandudu alipozaliwa, alipoletwa kuandikishwa, wewe ulikuwa unamshikia Kakai mkoba, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa kwenye kibodi. Niliandika jina lake, jina la mama, Nkoma, tarehe. Umri ukajiandika. Kakai akacheka, "Kumbe ni rahisi hivi!"

Nakumbuka na siku nilipokupeleka kwa mama Buwenge. Alipokusikia unanisemesha Kiswahili alinivuta nyuma ya nyumba, akaniuliza kwa Kisoga kama nimemletea mwanajeshi. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliokuja na bunduki wakachukua kuku. Hukuhitaji kutafsiriwa. Uliingia jikoni, ukakaa chini, ukamenya beseni zima la viazi vitamu bila kusema neno. Tulipokuwa tunaondoka mama aliniambia, "Mwanajeshi wako anamenya vizuri. Mrudishe."

Baba yako naye, siku nilipokwenda kambini kujitambulisha, alinikalisha kwenye kiti kimoja kilichokuwa na mito, yeye akakaa kwenye kigoda. "Bwana," akaniambia, "binti yangu ana kichwa kigumu. Ukimwambia jambo, lazima akuulize sababu."

"Najua, afande," nikasema. "Ameshaniuliza."

Tukacheka sote. Ilikuwa siku nzuri. Nikifumba macho nauona mlima wa Wanale nyuma ya mabati ya kambi, na maji yanayoporomoka kama uzi mweupe. Tulikubaliana harusi iwe baada ya mavuno.

Halafu nikachaguliwa kwenda Nairobi, miezi mitatu, kozi ya majedwali makubwa. Ulinisindikiza hadi stendi. Uliniambia, "Niachie lile neno la siri. Miezi mitatu ni mingi, watoto watakua."

"Utaharibu," nikasema.

Nilisema kwa mzaha, lakini nilisema. Nikaona umeumia, nikaongeza haraka kwamba nitaandika, nitalituma kwa barua nikifika. Sikulituma. Nairobi ilinimeza. Kulikuwa na mashine mpya zenye rangi, walimu wanaotembea na kalamu mfukoni, na mimi nikaanza kuwazia siku nitakayoleta vitu hivyo kwetu. Neno la siri la tawi dogo la Mbale likawa jambo la kesho.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, orodha yako ya miezi tisa ilitoka fupi. Wa pili, ilitoka fupi zaidi. Baadaye sana nilielewa ilivyokuwa: kila mtoto alikuwa amesimama kwenye mwezi aliokuwa nao nilipoondoka. Wa saba alibaki wa saba, wa nane wa nane. Waliofika tisa walikuwa wale wale wa zamani, waliokwisha chanjwa, na wachache walioandikishwa karibuni wakiwa tayari wakubwa. Hakuna aliyekuwa anapanda. Ukajaribu kurekebisha kwa mkono, mtoto mmoja mmoja, na kila ulipobonyeza, mashine ilikujibu kwamba sehemu hii haibadilishwi. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mwenyewe, tena nikayapigia mstari.

Ukaniandikia. Barua yako ninayo, nimeitunza tangu siku ile, na haina hata mistari kumi. "Umri umesimama. Watoto wanapita miezi tisa na orodha haiwaoni. Nimejaribu kubadilisha, mashine inakataa. Nitumie neno la siri, au mpigie mkuu simu umwambie tutumie kadi. Usichelewe. Wako, K."

Nilikujibu kurasa tatu. Nilikueleza bustani za Nairobi, nguo niliyokuona nayo kwenye ndoto, majina ambayo tungewapa watoto wetu. Mwishoni nikaandika: "Kuhusu orodha, nitashughulikia nikirudi, mpenzi. Usiiguse."

Najiuliza ulisimama wapi ulipoisoma. Najua ulifanya nini baada ya hapo, kwa sababu dereva wa tawi alinisimulia. Ulirudi kwenye masanduku yako ya kadi. Kila asubuhi ulikuwa unachambua, unaandika majina kwenye daftari la shule, halafu unatoka kwa miguu, unapanda vilima, unawaita akina mama mlango kwa mlango, na unarudi Nkoma usiku, Kakai amekwisha lala. Ulianza na vijiji vya mbali kwa sababu walio mbali ndio wasiokuja wenyewe. Wa mjini ulidhani watafika kliniki. Nkoma ilikuwa mjini. Nkoma ilikuwa nyumbani kwenu.

Na Kakai alifika kliniki. Hilo ndilo linaloniamsha. Alifika, Khainza, siku ya kliniki, mtoto mgongoni. Kadi ya Nandudu ilikuwa imelowa mvua, wino wa tarehe umesambaa. Sista, muuguzi wa zamu, akachukua orodha iliyochapishwa.

"Mtoto wangu ana miezi kumi," Kakai akamwambia.

Sista akapitisha kidole. "Nandudu. Hapa ana saba. Rudi baada ya miezi miwili, mama."

"Nimemzaa mimi, sista. Ana kumi."

"Najua umemzaa. Lakini tumeambiwa tufuate karatasi. Kompyuta haikosei."

Unajua ni nani aliyewaambia masista kwamba kompyuta haikosei. Ulikuwapo kwenye semina ile. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, na chaki.

Surua iliingia mjini kabla ya wiki tatu kupita. Iliwapata watoto wengi waliorukwa, na Nandudu alikuwa mmoja wao. Nilirudi kutoka Nairobi nikamkuta wodini, macho yamefungana, pumzi inakoroma, wewe na Kakai mmekaa kila mmoja upande wake wa kitanda, hamsemezani. Hukuniangalia. Kakai ndiye aliyeniangalia, akasema, "Shemeji, umerudi," kama mtu anayetaja kitu kilichopo mezani. Mtoto alipona. Homa ikashuka, vipele vikakauka, akaanza kunyonya. Lakini masikio yalikuwa yametoa usaha kwa siku nyingi, na baada ya miezi ikajulikana kwamba la kushoto halisikii tena.

Ofisi kuu ilitaka ripoti. Mkuu aliniita, akafunga mlango, akasema wafadhili wanauliza, anataka ukurasa mmoja, anataka kujua kosa ni la mashine au la mtu. Nilikaa na karatasi ile asubuhi nzima. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuiambatisha kwa pini, ripoti ikawa imekwisha. Nikafikiria cheti changu cha Nairobi ambacho hata fremu kilikuwa hakijapata. Nikafikiria watakavyoniita. Nikaandika: "Umri wa watoto haukusasishwa katika tawi la Mbale kutokana na uzembe wa karani wa kumbukumbu."

Kila neno lingeweza kutetewa. Ni kweli haukusasishwa. Ni kweli ilikuwa Mbale. Nililala kwenye hilo "kweli" kama mtu anayelala kwenye kitanda cha kuazima.

Sikujua kwamba mkuu angeibandika. Aliibandika kwenye ubao wa matangazo wa tawi, pamoja na barua yako ya kuachishwa kazi, ili iwe funzo kwa makarani wengine. Masista waliisoma. Madereva waliisoma. Akina mama waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Baba yako alikuja, amevaa sare, akasimama mbele ya ubao, akaisoma mpaka mwisho, akaenda zake. Dereva ndiye aliyenisimulia na hilo pia.

Jumamosi iliyofuata ulikuja Nalufenya. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa nafua. Nilikupa kiti, hukukaa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," ukasema. "Barua yangu ya Nairobi uliipata?"

"Niliipata."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

Ulisugua ukucha wa kidole gumba. "Nilidhani labda ilipotea njiani," ukasema. "Ingekuwa imepotea, ningekusamehe."

Ukaondoka. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, na nakumbuka niliisuuza kwanza ndipo nikakimbia barabarani. Hata hilo nalikumbuka kwa aibu. Nilipofika hukuwapo.

Jumatatu yake nilikwenda Mbale, nikakaa kwenye kiti chako, nikaiondoa safu ile. Sikuifungua, niliifuta kabisa kwenye jedwali. Nikaandika upya orodha, ihesabu umri kutoka tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya leo, kila inapofunguliwa, kama ulivyosema. Ilinichukua asubuhi moja. Nikaijaribu: ikasaga, ikasaga, karani mpya akachemsha chai. Nikamwomba radhi kwa uzito. Akashangaa, akasema, "Si mbaya, bwana. Tunakunywa chai, inatoka." Hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Miaka yote, hakuna hata mmoja.

Niliacha kazi pale kabla mwaka haujaisha. Nilivuka ziwa, nikaishi Mwanza miaka mitano, ndiko Kiswahili changu kilikonyooka, ingawa "r" na "l" bado zinanisaliti nikikasirika. Nilitengeneza majedwali ya shule, ya maghala, ya zahanati. Watu wananijua kwa ukali wangu. Nikikuta kitu kinachoweza kuhesabiwa kimehifadhiwa, nauliza: nani anakihesabu upya? Lini? Akiwa hayupo, je? Wakati mwingine wana sababu nzuri, mashine ni nzito kweli au orodha ni ndefu kupita kiasi, basi nawaambia wahifadhi, lakini pembeni yake waweke tarehe kilipohesabiwa, ionekane, na amri iwe mikononi mwa yule anayekitumia kila siku. Vijana wanadhani ninafundisha ufundi. Nimechoka kuwaacha wadhani hivyo.

Mwezi uliopita kazi hii ya mwaka elfu mbili ilinipeleka Mbale. Nilimaliza mapema. Nikamwambia mwendesha boda boda anipeleke Nkoma, na tulipokaribia nikatamani apotee njia. Hakupotea. Kakai alikuwa anaanika nguo. Alinitambua mara moja, akaendelea kuanika mpaka beseni likaisha, nami nimesimama.

"Umezeeka," akasema.

"Nimekuja kumtafuta Khainza."

"Hayuko. Yuko ng'ambo ya mpaka, Kenya. Alisomea unesi. Ana mume, ana watoto wawili." Akafuta mikono kwenye kanga. "Anwani yake sikupi. Hajawahi kukuuliza, na mimi sitaanza."

Nikamwambia kila kitu, pale pale kwenye kamba ya nguo. Safari za kila mwezi, neno la siri, barua yako, ripoti. Alikuwa hajui kuhusu barua. Hukuwahi kumwambia hata dada yako, miaka yote hii ukamwacha aamini nusu ya lawama ni yako. Alikaa kwenye ngazi. Hakulia. Akasema tu, taratibu, "Na mimi niliacha kumsemesha. Mwaka mzima."

Nandudu akarudi kutoka shule. Msichana mrefu, sare ya kijani, soksi moja imeshuka. Mama yake alimwita kwa kupunga mkono kwanza, ndipo kwa jina. Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. Nikasema, "Mwanangu, nisamehe."

Alikunja uso. Akageuza kichwa, akanisogezea sikio la kulia. "Nini? Sema kwa nguvu."

"Nisamehe," nikasema.

"Bado unanong'ona," Kakai akasema kutoka kwenye ngazi. "Ule uongo wako watu wote waliusoma. Huu ukweli unaunong'ona."

Basi nilisimama nikasema kwa nguvu, kwa sauti ambayo sijaitumia maisha yangu. Nikamwambia mtoto kwamba mimi ndiye niliyeandika umri wake, mimi ndiye niliyeufunga, mama yake mdogo, Khainza, aliniomba niufungue nikakataa, kisha nikamsingizia. Mwanamke wa nyumba ya pili alitoa kichwa dirishani. Watu wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Nandudu alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande.

"Sasa nimesikia," akasema. Akaingia ndani kubadilisha sare.

Ndiyo maana barua hii sikuiweka kwenye bahasha. Nimeichapa nakala mbili. Moja nitamwachia Kakai, aitunze au aichome. Nyingine kesho asubuhi naipeleka kwenye ofisi ile ya Mbale. Mkuu wa sasa ni mwanamke, nimeshaongea naye, amekubali niibandike ubaoni kwa mwezi mmoja, ingawa wengi wanaofanya kazi pale hawakujui. Waisome hivyo hivyo. Karani wa kumbukumbu wa tawi hili, Khainza, hakufanya uzembe. Aliona kosa kabla halijatendeka, akauliza. Alipoliona limetendeka, akaandika. Alipopuuzwa, akatembea kwa miguu. Kosa lilikuwa langu, na niliandika jina la kazi yake mahali pa jina langu.

Sikuombi jibu. Sikuombi urudi, wala unitaje vizuri kwa mumeo. Uniwie radhi kwa urefu wa barua, najua ungeimaliza kwa mistari kumi. Walee wanao kwa afya. Nami acha nipumzike kidogo, kwa maana kesho natoka mapema.

Ni mimi, yule uliyemsindikiza stendi,
mchumba wako wa zamani.